Sote Tulikuwa wa Kwanza

Kabla sijafika mbali niseme kwamba Kija si mwongo wa kuzaliwa. Nilimfundisha hesabu darasa la sita, namjua. Alikuwa mtoto wa kusema ukweli mpaka anakera. Akikosa swali anakuja mezani mwenyewe kukuambia amekosa, wakati wewe hata hujashika kalamu nyekundu. Uwongo amejifunzia ukubwani, kazini, na waliomfundisha ni sisi wateja wake. Mimi nimo. Nimestaafu ualimu, nauza vifaranga Buzuruga, na kwa kuwa siku hizi kila anayeuza kitu anaambiwa awe na tovuti, nami nikataka yangu.

Kazi ya Kija ni hiyo, kutengeneza tovuti. Hana ofisi, hana bosi, hana msaidizi. Ana chumba na sebule Mabatini, laptopu moja iliyobanwa kwa gundi ya karatasi pembeni, na simu isiyonyamaza. Anachora, anapiga picha za bidhaa, anaandika maneno, na ukimpigia kulalamika kwamba tovuti haifunguki, anakueleza taratibu kwamba bando lako limeisha, Mwalimu.

Wateja wake tulikuwa watano. Mzee Mansukh ana duka la vifaa vya ujenzi mjini, babu yake ndiye aliyelifungua. Odeta ana nyumba ya wageni Sengerema, ng'ambo ya ghuba. Obedi ana shule ya udereva. Shamsha anapika keki na sambusa. Wa tano ni mimi, Mwalimu Dorcas, ingawa wakati huo hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba ni wa tano.

Alitutunza vizuri, hilo nalikubali. Ukimwandikia, anajibu kabla hujaweka simu chini. Alijua goti la Mzee Mansukh linamuuma upande gani. Odeta akivuka na kivuko, anaulizwa ziwa lilikuwaje. Kwangu ujumbe ulianza na shikamoo, kisha vifaranga wameamkaje, ndipo kazi. Na neno hapana halikuwahi kumtoka. Ukiomba jambo, hata liwe la kipuuzi, jibu lilikuwa moja: "Sawa, nalifanyia kazi." Ukiuliza lini, jibu lilikuwa moja pia: "Wewe ndiye wa kwanza kwenye foleni. Ijumaa ya tarehe kumi na mbili inakuwa tayari." Nikawa nalala usingizi mzuri. Niliona ni haki yangu, maana mimi ndiye niliyemfundisha kugawanya desimali.

Sasa, Kija ana mdogo wake, Queen. Baba yao alitangulia mapema, na mama akafariki Queen akiwa na miaka saba, Kija kumi na tisa. Kija aliacha chuo mwaka wa kwanza, akaanza kuchapa barua za watu stendi, akapanda kidogo kidogo hadi kwenye hizi tovuti, na kwa vidole hivyo hivyo akamlea mdogo wake na kumsomesha hadi akawa muuguzi. Queen akapata mchumba wa Musoma. Sendofu, sherehe ya kumuaga binti kabla ya harusi, ikapangwa kufanyika Usagara kwa baba yao mdogo, Jumamosi ya tarehe kumi na tatu. Wanaojua kuhesabu wameshaona: ni kesho yake ya ile Ijumaa tuliyoahidiwa.

Kwetu shughuli haiendi bila kamati, na kamati inaingia kila mtu aliyemo kwenye simu yako: ndugu, jirani, fundi cherehani, anayekuuzia mkaa. Kumwacha mteja nje ni kumwambia humhesabu kuwa mtu. Kwa hiyo Jumatatu moja asubuhi, siku kumi na mbili kabla ya sendofu, Kija alifungua grupu la watsapu, akaliita Kamati ya Sendofu ya Queen, akaingiza ukoo, mtaa, na sisi watano. Hakufikiri mara mbili. Mtu yeyote wa hapa asingefikiri mara mbili.

Mwenyekiti alikuwa huyo baba mdogo, Mzee Masele, mfugaji. Mimi nilifanywa katibu palepale, kama ninavyofanywa katibu kila mahali, kwa kosa la kuwa na mwandiko. Mwenyekiti akaandika: "Wajumbe karibuni. Kila mmoja ajitambulishe jina na anavyoifahamu familia."

Ndugu wakamaliza. Zamu yetu ikafika. Obedi akawa wa kwanza kuandika: "Naitwa Obedi, shule ya udereva. Kija ananitengenezea websaiti, mimi ndiye wa kwanza kwenye foleni, inaisha Ijumaa tarehe kumi na mbili. Hongereni sana."

Kisha Shamsha: "Mimi Shamsha wa keki. Samahani kaka Obedi, wa kwanza ni mimi. Ijumaa tarehe kumi na mbili."

Odeta: "Jamani. Mimi pia ni tarehe kumi na mbili."

Mzee Mansukh huandika kwa kidole kimoja, akachelewa, lakini akafika. "Mansukh hapa. Kija ni kama binti yangu. Yangu ni ya kwanza, ameniambia mwenyewe, Ijumaa."

Nikiwa katibu nilipaswa kutuliza mambo. Badala yake niliandika, kwa herufi kubwa, kwamba wa kwanza ni mimi na ushahidi ninao.

Tukaona Kija anaandika. Akaacha. Akaandika tena, akaacha tena. Kisha grupu likatutaarifu kwamba Kija amebadilisha picha ya grupu. Nadhani vidole vilitafuta pa kujificha. Mzee Masele, asiyejua tovuti ni mnyama gani, akaandika kwa wema kabisa: "Foleni ya nini tena? Chakula kitatosha."

Mzee Mansukh hakutania. "Mwanangu Vipul anasema kuna ofisi Dar inamaliza kazi kama hii kwa wiki moja. Nafikiri nihamie huko." Odeta akajibu: "Mzee, ukipata namba yao nirushie na mimi." Obedi akaweka dole gumba. Shamsha akaweka dole gumba. Mimi, nasema kwa aibu, niliweka mawili. Kama wote watano tungehama, Kija angebaki na laptopu yake na ile gundi.

Jumatano nikafunga banda mapema nikapanda kilima cha Mabatini, yale mawe yote, nikiwa na hotuba kichwani. Ilianza na maneno "Kija, nilidhani nilikulea", na iliendelea hivyo kwa muda wa kipindi kizima. Aliyenifungulia ni Queen.

"Shikamoo Mwalimu. Dada ameshuka mjini, kwa Mzee Mansukh, kumwomba asiondoke. Karibu chai."

"Marahaba. Nitamsubiri. Nina maneno naye."

"Wote mna maneno naye," alisema Queen bila ubaya, akaenda kuweka maji jikoni.

Ndipo nikaona ukuta. Juu ya meza palibandikwa safu tano za karatasi, kila safu na jina lake. Mansukh. Odeta. Obedi. Shamsha. Mwl. Dorcas. Kila mteja alichowahi kuomba kiliandikwa na tarehe yake, na mbele ya kila mstari palikuwa na alama ya vema kwa penseli. Safu za wenzangu ziliishia usawa wa meza. Yangu ilifika sakafuni na kuingia chini ya kochi.

Nikavaa miwani. Nikasoma kama nilivyosoma madaftari kwa miaka thelathini na mbili, nikitafuta kosa la mtoto. Kuku awe mkubwa. Kuku amezidi ukubwa. Kuku aangalie kulia. Kuku anaonekana mgonjwa. Kuku achangamke. Kuku asichangamke hivyo, anaonekana amelewa. Njano isiwe njano sana. Kuku aangalie kushoto. Nilihesabu, maana kuhesabu najua: maombi arobaini na moja, na kumi na manne ni ya picha ya kuku. Yote yana vema. Mimi niliyekuwa nalia kwamba sijahudumiwa, nilikuwa nimehudumiwa mara arobaini na moja.

Queen akaleta chai. Akasogeza laptopu apate pa kuweka kikombe, na chini yake kulikuwa na kitenge kimekunjwa vizuri, hakijaguswa mkasi.

"Hicho?"

"Sare ya meza ya wazazi. Dada hajakipeleka kwa fundi. Anasema atakuja Usagara jioni, kula. Ijumaa haitamtosha, kwa hiyo Jumamosi mchana atakuwa hapa anamalizia kazi zenu. Mama mdogo ndiye atakaa kiti cha mama."

"Na wewe umemwambiaje?"

"Nimemwambia sawa." Alikuwa anaangalia kikombe changu, sio mimi. "Nyumba hii hatujui kusema neno lingine, Mwalimu."

Hotuba yangu ikaisha hapo hapo, hata sentensi ya kwanza sikuitumia. Nilikunywa chai, nikamwomba Queen anibandulie zile karatasi zote. Akauliza za nini. Nikamwambia ni kazi ya katibu.

Kikao cha kamati kilifanyika Jumapili, dukani kwa Shamsha, saa tisa alasiri. Kija hakuwepo. Alikuwa nyumbani akitengeneza tovuti zetu. Mzee Mansukh alimwambia Jumatano atafikiria, na alikuja na uso wa mtu aliyekwisha kufikiria. Mfukoni alikuwa na namba ya watu wa Dar, akaigawa kwa Odeta na Obedi kabla hata maji hayajamiminwa. Mzee Masele alitoka Usagara na kofia yake ya sherehe. Tukapitisha ukumbi. Tukapitisha pilau. Tukafika kwenye keki.

"Keki ya mama," alisema Shamsha, penseli mkononi. "Niandike jina gani juu yake?"

Hii ndiyo keki ambayo bi harusi huibeba, anapiga magoti na kumlisha aliyemlea, mbele ya watu wote, na hapo ndipo hata wanaume wanapojifanya vumbi limewaingia machoni. Mzee Masele akajibu akiangalia karatasi yake: "Andika Mama Mdogo. Kija hatakuwepo mchana, ana kazi za watu."

Hakusema kwa kuchoma. Ndiyo maana ilichoma. Shamsha akabaki na penseli hewani. Mzee Mansukh akakoroga chai yake kwa muda mrefu, na ana kisukari, hatii sukari.

Nikasimama. "Mwenyekiti, naomba kuongeza ajenda." Nikafungua mkoba, nikagawa karatasi kama ninavyogawa majaribio yaliyosahihishwa, kila mtu na zake. "Kila mmoja asome kwa sauti. Tutaanza na Obedi."

Obedi akasafisha koo. "Gari liende mbele. Gari lirudi nyuma, kwa sababu kurudi nyuma ndiko kunakowashinda wanafunzi. Gari likirudi nyuma lisigonge jina la shule." Akageuza karatasi. "Gari lisiende popote. Lisimame."

Shamsha alisoma kwamba moshi wa sambusa haukuonekana, picha zipigwe upya. Kisha kwamba moshi umeonekana, watu watadhani zimeungua. Odeta alisoma kwamba mashine ya kusaga ya jirani iondolewe kwenye picha ya nyumba ya wageni. Wiki iliyofuata, kwamba irudishwe, jirani ni shemeji yake na ameuliza.

Mzee Mansukh alivaa miwani, akasoma pole pole. "Weka picha ya baba. Weka picha ya babu. Babu awe juu ya baba. Weka mjomba Jitesh. Toa Jitesh, tumegombana. Rudisha Jitesh. Jitesh asiwe juu ya babu. Misumari imekwenda wapi?" Hapo chini Kija alikuwa ameandika jibu kwa penseli, naye akalisoma pia: "Misumari niliishusha, mzee. Nafasi yake amekaa Jitesh."

Kisha nikasoma zangu. Zote arobaini na moja, nikiwa nimesimama, bila kuruka hata kuku mmoja. Mzee Masele alianza kucheka kwenye kuku mgonjwa, na nilipofika kwenye kuku aliyelewa alikuwa amevua kofia anafutia machozi. "Kumbe tovuti ni kuku," alisema. "Muda wote huu nilikuwa naogopa kuuliza."

Kicheko kikapoa. Mzee Mansukh akazikunja karatasi zake mara nne.

"Hawa wa Dar hawamjui Jitesh," alisema. "Itabidi niwaeleze upya, kutoka babu." Akafikiri kidogo. "Na wao watamtoa Jitesh siku hiyo hiyo nitakayowaambia atoke. Hawataniuliza mara mbili. Kija huwa ananiuliza, mzee, una hakika, ni ndugu yako. Shamsha, kwenye keki andika Dada."

Maazimio niliyaandika mwenyewe na kuyarusha kwenye grupu jioni ile. Moja, kuanzia leo hadi Jumatatu ya tarehe kumi na tano hakuna mteja atakayemwandikia Kija neno la kazi. Pili, atakayekiuka analipa kreti ya soda. Tatu, hakuna anayehama, na foleni itapangwa na Kija mwenyewe, mteja hana kauli. Nne, kitenge kiende kwa fundi kesho asubuhi, Odeta asimamie. Baada ya saa nzima Kija akaandika, "Sawa," na dakika moja baadaye, "Wabeja sana," yaani asante kwa Kisukuma.

Alhamisi nilikuwa bandani nikawaona wale kuku wa kienyeji wa jirani, mmoja amesimama kwa namna ambayo nikasema, huyu sasa ndiye. Nikampiga picha. Nikaituma, nikidhani naituma kwa Kija. Nikakumbuka azimio langu mwenyewe, nikafuta haraka, lakini kwa haraka hiyo hiyo nilikuwa nimetuma kwenye grupu la kamati. Pakabaki maandishi kwamba ujumbe umefutwa, na Mzee Masele, ambaye kwa kujifunza watsapu hakuwa mzembe, akauliza: "Katibu amefuta nini? Mimi nimeona mkia." Nililipa kreti.

Jumamosi Kija alikuja Usagara saa nne asubuhi, kabla wapishi hawajamaliza kuwasha moto. Kitenge kilimkaa. Hakuja na laptopu, na mikono ilionekana haijui iwekwe wapi. Mara kiunoni, mara kwenye meza, vidole vikigonga kitambaa cha watu. Tukamkalisha kiti cha mama. Wateja watano tulikaa meza moja nyuma yake, tukiangaliana kwa jicho la ukali kila mmoja aliposhika simu.

Queen akaja na keki. Akapiga magoti. Akamlisha dada yake kipande. MC akampa Kija kipaza sauti. Nilimwona akitafuta neno, nikaogopa atasema sawa.

"Mimi nina wateja watano," alisema, "na kila mmoja nimemwambia yeye ndiye wa kwanza. Niliwadanganya. Wako pale, naomba wanisamehe." Tukainamisha vichwa kama wanafunzi. "Lakini wao niliwadanganya tu. Huyu nilimfanyia vibaya zaidi. Tangu ana miaka saba namwambia, Queen subiri, namalizia kidogo. Amesubiri kula, amesubiri kusukwa, amesubiri nije kwenye mahafali yake nikafika wanakunja viti. Na hajawahi kuandika ombi hata moja likabandikwa ukutani." Akamwinua. "Leo wewe ndiye wa kwanza. Basi, ni hilo."

Nililia, na sifichi. Mzee Mansukh alitoa kitambaa chake akanipa, kisha akakiomba tena.

Jumatatu nilikaa na simu kuanzia alfajiri. Saa mbili kamili ujumbe ukaingia.

"Shikamoo Mwalimu. Vifaranga wameamkaje? Nimepanga foleni. Kazi yako ni ya tano. Nitaianza tarehe sita mwezi ujao, saa tatu asubuhi. Najua utauliza, kuku abadilike tena? Hapana. Atabaki alivyo."

Wa tano kati ya watano. Damu ilinipanda. Niliandika ujumbe mrefu wenye desimali ndani yake, kuhusu shukrani, kuhusu nani alimfundisha nani. Nikausoma. Ulikuwa na makosa mawili ya uandishi na moja kubwa zaidi, nikaufuta wote.

Nikaandika, "Marahaba, mwanangu. Wameamka salama."

Mchana mama mmoja anayenunua kwangu vifaranga mia kila mwezi akapita bandani, akaniuliza, kama alivyoniuliza mwaka mzima, hiyo tovuti itakuwa tayari lini. Mwaka mzima nilimjibu Ijumaa. Siku ile nilimwambia mimi ni wa tano, inaanza tarehe sita saa tatu. Akaniangalia kana kwamba ni mara ya kwanza kunisikia nikijibu swali.

Tarehe sita, saa tatu, Kija akaianza.